Mpishi Aliyeahirisha Akika

Kadar alikuwa mpishi wa shule ya sekondari ya bweni kule Habaswein, na huo ulikuwa mwaka wake wa tisa jikoni. Wavulana mia tatu na ushee walikula kutoka mikononi mwake asubuhi, mchana na jioni: uji, githeri, wali kwa maharagwe, na nyama siku ya Ijumaa. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na alikuwa na tabia ya kuonja chakula akiwa amefumba macho, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la rafiki wa zamani. Katika ukoo wake wa wafugaji, mwanamume kushika mwiko si jambo la kujigamba. Siku alipopata kazi ile, ami yake Ogle, mdogo wa marehemu baba yake, alimwambia, "Baba yako alikuwa na ngamia arobaini. Wewe una sufuria nne." Kadar alicheka tu. Ngamia walikwisha kwa ukame. Sufuria zilikuwa bado zipo.

Mke wake, Amino, alitoka Elwak. Alikuja Habaswein kufundisha chekechea, na kabla ya mwaka kwisha mji mzima ulikuwa unakijua kicheko chake. Alicheka kwa sauti, kichwa akikitupa nyuma, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko wa muuza mirungi. Watu walishangaa alichokiona kwa yule mpishi mkimya. Yeye mwenyewe alisema, "Nimechoka kusikiliza wanaume wanaoongea. Huyu angalau anapika."

Mimba ilipoingia mwezi wa saba, mipango ilikuwa imekwisha kupangwa. Fatumo, mama yake Amino, angesafiri kutoka Elwak na kukaa na binti yake siku zote arobaini, kama desturi inavyotaka. Angekuja na samli, habasoda, manemane, ubani, na mkaja mpya wa kumfunga mzazi tumbo. Kadar angefanya kazi ya mwanamume, yaani kuchinja mbuzi siku ya akika, karamu ya mtoto siku ya saba, na kukaa mbali.

Mvua ndiyo iliyovuruga. Mwaka ule masika yalishuka kwa fujo. Kila lagha, ile mikondo mikavu ambayo mtu huivuka kwa miguu miezi kumi ya mwaka bila kuikumbuka, iligeuka mto wenye maji mekundu. Fatumo alipanda basi Elwak, akafika Wajir, na hapo basi likasimama. Barabara ya kuja Habaswein ilikuwa imekatika sehemu tatu. Jumapili alfajiri, Amino akajifungua mtoto wa kike hospitalini, salama, akiwa anamtania muuguzi hata uchungu ulipokuwa umemkaza. Jumatatu wakarudi nyumbani.

Fatumo alipiga simu mchana ule. Kadar ndiye aliyeipokea. Katika miaka miwili ya ndoa walikuwa hawajasemezana zaidi ya salamu, kwa maana mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kutazama chini na kusema kidogo.

"Nani anamwangalia mwanangu?" Fatumo aliuliza.

"Mimi, hooyo," Kadar alijibu, akimwita mama kwa Kisomali. "Shule imefungwa, ni likizo."

Kadar alisikia mvua ikipiga bati upande wa pili wa simu.

"Wewe?"

"Mimi ni mpishi, hooyo."

Kisha Fatumo, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ili aibu isipate nafasi, akaanza kuagiza. Supu ya mbuzi, isiwe na pilipili. Uwatu ulowekwe kisha uchemshwe, upunguzwe ukali kwa asali. Maziwa ya ngamia asubuhi. Asishike maji baridi, asiinue kitu kizito. "Na mkaja," alisema, akakohoa, "mkaja mwache jirani yenu amfunge, yule Shamso."

"Ndiyo, hooyo."

"Na alale," alisema. Simu ikakatika.

Supu ya kwanza Kadar aliipika vizuri mno na nyingi mno. Mkono wake ulikuwa umezoea kumimina kwa ndoo, na kila alipodhani amepunguza, sufuria ilijaa. Majirani wa pande zote wakala supu siku ile. Shamso, mjane mzee aliyeuza maziwa ya ngamia na ambaye ua wake ulipakana na wao, alikuja kumfunga Amino mkaja, akatoka na bakuli mbili. "Mpishi," alisema, "umepika kama aliyejifungua ni mji mzima."

Siku mbili za mwanzo mambo yalikwenda. Amino alicheka, akapiga simu kwa kila rafiki, akamtazama mtoto na kumhesabu vidole. Siku ya tatu, Jumatano, Kadar alimletea anjera zilizopakwa samli na kikombe cha supu. Amino alionja kijiko kimoja.

"Ni tamu," alisema. Na machozi yakaanza kumtoka.

"Tamu?"

"Tamu sana," alisema, akazidi kulia.

Kadar alichukua kijiko, akafumba macho, akaonja. Chumvi ilikuwa sawa. Hakukuwa na kitu cha kumliza mtu. Akakaa pale mlangoni na kikombe mkononi, asijue kama akiingize ama akitoe.

Tangu hapo ikawa hivyo. Shamso alipokuja na chetezo cha ubani kufukiza chumba, Amino alimfokea kwamba moshi utamwua mtoto. Mzee wa watu akatoka na chetezo chake. Dakika tano baadaye Amino alikuwa anajililia mwenyewe kwa kumfokea mtu wa rika la bibi yake. Mtoto akapiga chafya, Amino akacheka. Kicheko kikageuka kwikwi katikati. Maziwa yalikuwa yamejaa na kifua kilimuuma. Mtoto akilia, mama naye analia. Mtoto akilala, mama anakaa macho wazi akisikiliza kama bado anapumua.

"Ni jicho," Shamso alimnong'onezea Kadar penye ua. "Binti anacheka sana huyu. Watu wamemwangalia. Muite mtu amsomee."

Kadar hakukataa. Jioni, baada ya magharibi, alikaa mwenyewe kando ya kitanda akamsomea mkewe aya alizozihifadhi tangu utotoni, kwa sauti ya chini. Amino alimsikiliza mpaka mwisho. Alitulia. Asubuhi akaamka analia.

"Nimekukosea nini?" Kadar alimuuliza. Alikuwa amemuuliza hivyo mara nne tangu jana.

"Ukiniuliza tena swali hilo nitapiga kelele mpaka Modogashe wanisikie," alisema Amino. Kisha akampa mtoto amshike, akajifuta uso kwa ncha ya shela, na kwa mara ya kwanza akasema kilichokuwa ndani. "Nikimtazama namwona mzuri. Simchukii, Kadar, usidhani hivyo. Lakini ni kama mtu amenipa mtoto wake nimshikie kidogo, akaenda sokoni, na harudi. Na mimi naogopa nitamwangusha kabla mwenyewe hajaja. Mama wa namna gani anawaza hivi?"

Kadar alikuwa na kumbukumbu, na ndiyo iliyomtia hofu.

Alikuwa na miaka sita hivi. Walikuwa wakiishi nje ya Modogashe, na mama yake alikuwa amejifungua mtoto wa mwisho. Alichokumbuka ni mgongo wa mama, amekaa ndani ya kibanda ameelekea ukuta wa mikeka, asile, asigeuke, siku baada ya siku. Watu wazima walisema kwa sauti ndogo kwamba amepandwa na majini. Yeye aliambiwa aende kuchunga. Aliporudi na mbuzi jioni, mgongo ulikuwa bado uko palepale. Baada ya wiki nyingi mama aliinuka, akaendelea na maisha, akaishi miaka kumi na miwili mingine. Hakuna aliyewahi kueleza lolote, na yeye hakuwahi kuuliza.

Ijumaa asubuhi alimwomba Shamso akae na Amino, akaenda hospitalini. Alipanga foleni kwenye kliniki ya mama na mtoto, mwanamume peke yake katikati ya wanawake ishirini na kitu, akitazama viatu vyake vilivyojaa matope. Muuguzi Nasteha, yule aliyemzalisha Amino, alimwona akamuita ndani.

"Mtoto ana nini?"

"Mtoto mzima. Mama yake analia, sista. Tangu Jumatano. Analia chakula kikiwa kitamu."

Nasteha hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Anakula?"

"Kidogo kidogo, lakini anakula."

"Mtoto akilala, naye analala?"

"Mara moja moja. Anaogopa."

"Amewahi kusema anataka kujidhuru, ama kumdhuru mtoto?"

Kadar alishtuka. "La! Hapana. Mimi… sijamuuliza."

"Muulize. Kwa upole, mkiwa wawili. Usiliogope neno lenyewe, kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hana." Kisha Nasteha akamweleza, polepole, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi na bado hajachoka. Mwili uliobeba miezi tisa umetua mzigo kwa siku moja, alisema. Damu inabadilika, maziwa yanaingia, usingizi hakuna. Wanawake wengi, zaidi ya nusu ya wale anaowapokea, hulia siku ya tatu, ya nne, ya tano, na ukiwauliza wanalilia nini hawajui. Anacheka, analia, anakasirika, anaogopa, yote kabla ya adhuhuri. "Si jicho, na si kosa lako. Wala si kwamba hampendi mtoto. Huja na huondoka. Siku ya kumi, ikichelewa sana wiki mbili, utaona imeisha."

"Dawa yake?"

"Hii haina ya kumeza. Ni usingizi, chakula, na mtu wa kukaa naye asiyemwambia nyamaza." Akainua kidole. "Lakini nisikilize. Wiki mbili zikipita bado yuko hivi, ama akiacha kula, ama asilale hata mtoto akiwa mikononi mwa mwingine, ama aanze kuona na kusikia visivyokuwepo, ama aseme maneno ya kujidhuru, mlete siku hiyohiyo. Usingoje kesho."

Kadar aliinuka, akafika mlangoni, akageuka. "Na mwanamke akikaa wiki nyingi ameelekea ukuta? Haongei na mtu?"

Nasteha alimtazama. "Ni mkeo huyo?"

"Hapana. Zamani. Mama yangu."

"Ule ulikuwa ugonjwa," alisema Nasteha taratibu. "Ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Siku hizi unatibika. Pole, ndugu yangu."

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa na madimbwi kila mahali, na Kadar aliyavuka bila kuyaona. Alisimama kwenye kivuli cha duka lililofungwa, akampigia simu dada yake Nurto, aliyeolewa Garissa na ambaye naye alikuwa amezuiwa na maji. Alimuuliza kama anakumbuka. Nurto alisema anakumbuka vizuri. Yeye alikuwa na miaka kumi, na ndiye aliyekuwa akimnywesha mtoto maziwa ya mbuzi kwa kijiko. "Nilidhani wewe ulikuwa mdogo mno," alisema. "Nilidhani wewe umesahau." Waliongea mpaka salio likaisha.

Nyumbani, Shamso alipokwenda kwake, Kadar alikaa chini mkekani, usawa wa uso wa mkewe, akamuuliza lile swali la Nasteha.

Amino alimgeukia. "Hapana," alisema. "Wallahi hapana. Sitaki kumdhuru mtu yeyote, wala nafsi yangu. Nataka kulala. Nataka kulala na nisiwe mimi ninayesikiliza kama anapumua."

"Basi nitasikiliza mimi."

Akamweleza yote aliyoambiwa na Nasteha, hata lile la wiki mbili. Amino alilia tena, lakini safari hii alilia huku amemshika mkono. Alipomaliza kunyonyesha, Kadar alimchukua mtoto, akamfunika, akatoka naye mpaka kibanda cha jikoni. Huko alikaa kwenye kigoda, mtoto kifuani, akihesabu pumzi zake kama alivyoahidi. Amino alilala saa tatu mfululizo. Alipoamka hakujua ni saa ngapi, na alisema kwamba hilo peke yake lilikuwa raha.

Wakajiwekea utaratibu. Baada ya kila nyonyesho la asubuhi na la alasiri, mtoto alikuwa wa Kadar. Alijifunza kumbeba kwa mkono mmoja na kukoroga sufuria kwa mwingine. Alifua vitambaa vya mtoto kwa maji ya moto, akavianika, mwanzoni nyuma ya jikoni pasipoonekana. Lakini kule nyuma jua halikufika, na katika mvua ile kila saa ya jua ilikuwa na thamani. Basi Jumamosi akavitundika mbele, kwenye waya, barabarani kweupe.

Billow, mlinzi wa shule, alipita akasimama. "Mashallah! Mpishi amekuwa mama."

"Mama yupo, amelala," Kadar alisema, akabana kitambaa kingine. "Punguza sauti."

Billow alitaka kuongeza neno, akamtazama usoni, akaliacha. Alikwenda zake akitembea kwa ncha za vidole, jambo ambalo Kadar hakumwomba.

Jumamosi hiyohiyo alasiri, ami Ogle alifika akivuta beberu mweusi kwa kamba. Kesho ilikuwa siku ya saba. Alikuwa amekwisha kualika watu: wazee, majirani, walimu waliobaki mjini, wanawake wa mtaa mzima. Alisimama uani akigawa amri kwa furaha, nani atachinja, mikeka itandikwe wapi, wanawake wataingia kwa mzazi saa ngapi.

Sauti yake ilifika ndani. Kadar alipoingia alimkuta Amino amekaa wima kitandani, uso umemkauka.

"Watajaa humu," alisema. "Arobaini, hamsini. Watasema mtoto mzuri, na mama je, mbona macho yamevimba? Watanitazama mmoja mmoja. Siwezi, Kadar. Nitalia mbele yao na watazungumza mpaka mwaka ujao. Lakini akika ni akika. Nitajikaza."

"Usijikaze."

Kadar alitoka nje. Hakuwa amewahi kumpinga ami yake kwa jambo lolote tangu baba afariki. Hata maneno ya sufuria nne aliyameza. Alimkaribisha akae, akammiminia chai ya tangawizi na iliki, akangoja mzee anywe kikombe cha kwanza.

"Adeer, ami yangu, akika tusogeze mbele. Mpaka Jumapili ijayo."

"Watu wamealikwa."

"Nitawapitia mwenyewe nyumba kwa nyumba."

"Siku ya saba ni siku ya saba!"

"Nimemuuliza imamu baada ya swala ya Ijumaa. Amesema ikishindikana ya saba, kuna ya kumi na nne, na kuna ya ishirini na moja. Dini haikumbana mtu."

"Kwa hiyo ulikuwa umepanga tangu jana?"

"Nilikuwa naogopa itafika hapa. Sikutaka ifike."

Ogle aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Nitawaambia watu nini mimi? Kwamba mke wa mwanangu hataki wageni?"

"Waambie mke wangu hajapata nguvu. Ni kweli, adeer. Mwili haujatulia, na roho haijatulia. Nimekwenda hospitali, wamenieleza. Siku chache tu." Akasita, kisha akasema kile ambacho hakuwa amepanga kukisema. "Mama naye alipojifungua mara ya mwisho, unakumbuka alivyokuwa. Wewe ulikuwepo. Laiti mtu mmoja angesema watu wangoje."

Mzee alitazama barabara, ambako punda wawili walikuwa wamesimama kwenye maji. Akaitoa barakashia yake, akaikung'uta kwenye goti bila sababu, akaivaa tena. Mwisho akainuka.

"Huyu mbuzi sirudi naye kwenye matope yale," alisema. "Atakaa hapa."

Akaondoka. Jioni ile Kadar alizunguka nyumba kumi na tisa. Baadhi ya watu waliguna, wengi walisema Mungu ampe nguvu, na mwanamke mmoja, mke wa mwenye duka la unga, alimfuata mpaka nje ya lango na kumwambia kwa haraka, "Umefanya vizuri. Mimi walinijazia nyumba," kisha akarudi ndani kabla hajajibiwa.

Jumapili, siku ambayo ingekuwa ya karamu, nyumba ilikuwa kimya. Fatumo alipiga simu, na Kadar akamweleza kwa maneno machache hali ilivyo. Amino alikuwa ananyonyesha, mikono imeshikika, kwa hiyo Kadar alifungua spika, akaweka simu juu ya mto, akaenda zake jikoni. Ukuta ulikuwa wa mbao tu.

"Mama, nalia kila siku," alisikia Amino akisema.

"Kadar ameniambia. Nisikilize. Nilipokuzaa wewe nililia siku sita. Nilimlilia punda."

"Punda gani?"

"Punda wetu aliyekufa miaka miwili kabla."

"Ulikuwa ukimpenda sana?"

"Wapi! Alikuwa mkaidi na aliniuma bega. Lakini siku ya nne baada ya kuzaa nilimkumbuka, nikaona hakuna kiumbe aliyeonewa duniani kama punda yule. Nililia mpaka baba yako akatoka kwenda kununua punda mwingine."

Kadar aliziba mdomo kwa kiganja. Kutoka chumbani ilitoka sauti ambayo hakuwa ameisikia siku nne, kicheko cha Amino, kizima, kichwa bila shaka kimetupwa nyuma. Mtoto aliachia ziwa akalalamika.

"Mbona hukuniambia kamwe?"

"Ningekuambia nini? Bibi yako alisema nyamaza, utamkausha mtoto maziwa. Nikanyamaza, nikalilia ndani. Wewe lia, mwanangu. Kisha ule."

Haikuisha siku ile. Jumatatu Amino alilia kwa sababu kucha za mtoto zilikuwa ndogo mno, na Jumanne kwa sababu ambayo hakuipata. Lakini nafasi kati ya kilio na kilio ziliongezeka. Jumatano alilalamika kwamba supu ya Kadar ni ile ile kila siku kama ya gerezani, na Kadar akafurahi kama aliyesifiwa. Alhamisi yule beberu alikata kamba, akala nusu ya mkaja uliokuwa kwenye waya wa kuanikia, na Amino akatoka mpaka kizingitini kumtukana kwa Kisomali na Kiswahili, kwa ukoo wake wote wa mbuzi. Ijumaa usiku ulipoingia ndipo Kadar alipotambua kwamba siku nzima imepita bila machozi. Aliogopa kuisema isije ikageuka.

Amino ndiye aliyesema. "Leo nimemwogesha mwenyewe," alimwambia wakiwa wanakunywa chai. "Akanitazama, nikamwambia: unatazama nini, mimi ndiye. Hakuna mwingine atakayekuja."

Jumamosi mchana lori la vitunguu lililolala siku mbili kwenye tope lilifika mjini, na juu ya magunia alikuwa ameketi Fatumo, sanduku lake mapajani, buibui limeganda matope mpaka kiunoni. Aliingia nyumbani, akamkumbatia binti yake kwa muda mrefu, akamtazama mjukuu, akamfungua, akamkagua mbele na nyuma, akamfunga tena vizuri zaidi. Kisha akaenda jikoni, akafunua sufuria, akaonja.

"Uwatu umezidi," alisema.

"Ndiyo, hooyo."

Alichukua mwiko kutoka mkononi mwa Kadar. Alikuwa anatazama chini, kwenye majivu, kama heshima ilivyotaka, na Kadar naye alitazama kwingine. "Ameniambia yote," Fatumo alisema. "Allah akuweke." Kisha akamfukuza jikoni, na hakumruhusu kurudi humo kwa siku ishirini na sita.

Akika ikafanyika siku ya kumi na nne. Beberu alichinjwa, Ogle mwenyewe akishika kisu, na wanawake wakaingia kwa mzazi kumi kumi, si wote pamoja. Hilo lilikuwa agizo la Shamso, aliyesimama mlangoni kama askari. Mtoto akaitwa Hani. Saa tisa Amino alichoka, akasema amechoka, akalala huku wageni wakiendelea kula nje, na hakuna aliyeona ajabu. Ogle alimaliza sahani yake ya pili, akauliza nani amepika wali. Alipoambiwa ni Fatumo, akasema kwa sauti iliyosikika na wengi kwamba wa Kadar ni bora.

Shule zilichelewa kufunguliwa kwa ajili ya mafuriko. Zilipofunguliwa, Kadar alirudi kwenye sufuria zake nne na wavulana wake mia tatu, akiondoka alfajiri na kurudi jioni. Nasteha alikuwa amemwona Amino kliniki wiki mbili zilipotimia, akamuuliza maswali yake yote tena, akaridhika.

Arobaini ilipotimia, Amino alijipaka hina, akavaa dera jipya la rangi ya machungwa, akambeba Hani na kutoka kwa mara ya kwanza kutembelea watu. Desturi ni kwenda kushinda nyumba ya jamaa, na yeye alichagua ua wa pili, kwa Shamso. Ilikuwa hatua sitini. Ziliwachukua nusu saa, kwa sababu njiani watoto wa chekechea walimwona mwalimu wao, wakaja mbio wakipiga matope, wakamzunguka, kila mmoja akitaka kumgusa mtoto mguu.

"Mwalimu, anajua kusoma?"

"Bado."

"Anajua nini?"

"Anajua kula na kulia," alisema Amino. "Kama mama yake." Akacheka, akawapanga mstari, mmoja mmoja, mikono ikiwa misafi, ili wamsalimie.